Kombe Nililonyimwa

Nilipokuwa bado mtoto wa kukojoa kitandani, wakati wa vita vya ukombozi, Wareno walitukusanya watu wa vijiji vya karibu na Namoto wakatuweka ndani ya seng'enge. Nilianza chuo cha Kurani humo humo, na siku ya kwanza bibi yangu akaninyima kombe.

Kila mtoto aliyeanza chuo alinyweshwa. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, nawe ukayanywa maji yale ili kichwa kifunguke. Wenzangu walikunywa wakalamba midomo. Mimi nilishikwa mkono nikatazama tu, na nililia kwelikweli.

Sababu ilikuwa mjomba wangu Saidi. Alihifadhi msahafu mzima kabla ya kubaleghe, akakijua Kireno na Kimakonde kwa kusikia tu, na hesabu za wachuuzi alizimaliza kichwani wao wakiwa bado wanakunja vidole. Ukoo mzima tulijivunia. Kisha akaacha kulala. Akawa anajibu watu tusiowaona, tena kwa kubishana. Majirani wakasema kichwa kikifunguka kupita kiasi, mashetani huingia humo wakakaa. Bibi aliyaamini hayo akajilaumu, kwani ndiye aliyemnywesha mwanawe makombe tangu utotoni.

"Mmoja ananitosha," alimwambia mwalimu. "Huyu mwacheni awe mjinga, mradi awe mzima."

Lakini ujinga nao una wenyewe. Juzuu ya Amma niliimaliza kabla ya wote walionyweshwa kombe. Bibi aliposikia, alikuja chuoni mbio, kanga inamponyoka, mjomba akimfuata nyuma.

"Mwalimu, umemnywesha kwa siri!"

"Wallahi, mama, hata tone."

Akanigeukia mimi. Nikaapa. Nilimwona anatetemeka, na kwa mara ya kwanza nikakiogopa kichwa changu mwenyewe.

Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, akinong'ona peke yake. Tulidhani hasikii. Akasema kwa sauti yake ya zamani:

"Mama, huyu hakunywa, na kichwa kimefunguka. Basi na mimi si wewe uliyenifungua."

Bibi akaketi chini pale pale mchangani, akalia mpaka kanga ikalowa. Mjomba akarudi kubishana na watu wake.

Hakupona. Vita vilipokwisha tukatoka kwenye seng'enge, hakuishi sana. Mimi nimefundisha shule mpaka nimezeeka, na nikikosa usingizi siku mbili tatu bado huwa najiuliza kama ndiyo maradhi yake yananianza. Kama akili nyingi na wazimu vina udugu, sijui. Waliosoma kunishinda nao wanabishana. Nampenda tu mjomba wangu, ambaye katika maradhi yake yote alipata nafasi ya kumtua mama yake mzigo.

Basi usingizi ukinikimbia, naikumbuka asubuhi iliyofuata siku ile ya chuoni. Bibi alileta kombe moja. Nusu akamnywesha mwanawe, nusu akaninywesha mimi, na mkono wake haukutetemeka.