Leseni ya Kuchungulia Watu

Wanaoniuliza kama leseni ya upelelezi binafsi inalipa huwa wameangalia filamu nyingi mno. Wanadhani navaa miwani ya jua na kufuata waume wa matajiri hotelini. Nawaambia kazi yenyewe ni kukaa ndani ya gari kuukuu, vioo vimepandishwa, jua linakuchoma upande mmoja wa uso, na chai hujaionja tangu asubuhi, maana mwanamke atajisaidia wapi kwenye mtaa wa watu? Hapo wengi hucheka na kubadilisha mazungumzo. Nami naacha iishie hapo, sababu yaliyobaki hayachekeshi.

Nilikuwa nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku ughaibuni. Miaka tisa ya kugeuza watu wazima kitandani, mwisho mgongo ukasema basi. Ndipo nikasikia habari za leseni hii. Nikasoma kozi, nikachukuliwa alama za vidole polisi, nikalipa ada, na pesa niliyolipia ilikuwa nauli yangu ya kwenda Tanga kumwona mama. Mwaka mzima aliniuliza kwenye simu nakuja lini, mwaka mzima nikamzungusha. Leseni ilipofika, hakuna aliyenitaka. Nilikuja kuchukuliwa na kampuni moja ndogo inayofanyia kazi mashirika ya bima, na meneja wake hakunificha kitu: alinichukua kwa ajili ya rangi yangu. Kitongoji cha Mount Druitt kina Waafrika wengi, alisema, Mzungu akiegesha gari pale kabla ya saa sita mtaa mzima umeshamjua. Nilicheka naye. Mjinga mimi, nilijiona nimepata bahati.

Kazi yangu ya nne ilikuwa mama mmoja Mkongo. Aliumia bega kwenye ghala kule Minto, mzigo ulimwangukia, na bima ilikuwa inamlipa kila wiki akijiuguza. Walitaka kujua kama anawadanganya. Nikimnasa kwenye kamera ananyanyua kitu kizito, malipo yanakatwa. Ndiyo kazi yote, haina ufundi mwingine.

Siku mbili sikuona kitu. Alitoka kuanika nguo, kwa mkono mmoja, taratibu mpaka nikachoka mimi. Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, magari yakaanza kujaa kwenye nyumba ya tatu kutoka kwake. Wanawake wakashuka na masufuria, mitungi ya gesi, magunia ya unga. Sikuhitaji kuambiwa. Kuna mtu amefiwa.

Yule mama akaja kwa miguu, kitenge kiunoni. Dakika tano hazikupita akashika upande mmoja wa sufuria kubwa, mwenzake akashika mwingine, wakaliteleka mekoni pale uani mbele ya nyumba. Kisha akachukua mwiko mrefu akaanza kusonga ugali wa watu mia, kwa mikono miwili, mwili mzima ukienda na mwiko. Nami barabarani kamera yangu inawaka. Sitadanganya, moyo wangu ulifurahi. Nilisema kimoyomoyo, leo nimekupata.

Nilikuwa bado naandika saa kwenye daftari nikasikia kioo kinagongwa. Bibi mmoja wa makamo aliniinamia, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Alidhani mimi ni mgeni niliyekuja kuhani nikaona haya kuingia kwa kuwa simjui mtu. Akanifungulia mlango wa gari mwenyewe, akanishika mkono. Sheria ya kazi yangu inasema usiingie kamwe kwenye nyumba ya watu unaowachunguza, hata ukumbini. Lakini niambie wewe, Mswahili gani anavutwa mkono kuingia msibani akasema hapana? Ningejibu nini, kwamba nasubiri basi ndani ya gari langu? Niliificha kamera chini ya kiti nikaenda.

Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Nilipewa kisu na beseni la vitunguu, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Yule mama wa bega alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Aliposikia Kiswahili changu akatabasamu, akasema Watanzania tunaongea kama redio. Niliulizwa kazi yangu, nikasema nalea wazee. Uongo ulinitoka bila kukwama.

Ugali ulipoiva alizunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata, mazoea mabaya. Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya banda la gari, mkono ameukumbatia kifuani, anaguna kwa sauti ya chini huku machozi na jasho vinachuruzika pamoja. Binti yake, wa kama miaka kumi na mitano, alikuwa anampaka dawa begani na kumgombeza kwa Kiingereza: daktari si alimkataza, kwa nini hakukaa kama wengine? Mama akamjibu kwa Kiswahili chao kwamba marehemu ndiye aliyempikia yeye siku alipofiwa na mume wake, sasa atakaaje akunje mikono? Kisha akaniona, akacheka kidogo kwa aibu, akaniomba nisimwambie mtu. Tulikaa pale mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Kabla sijaondoka alichukua namba yangu ya simu.

Jumatatu niliandika ripoti. Niliandika sufuria, niliandika mwiko, na nikaandika pia nilichokiona nyuma ya banda. Meneja aliniita. Hakunifokea, afadhali angefoka. Aliuliza tu kama najua kwamba kuingia kwenye ua ule kunatosha kuninyang'anya leseni, kisha akaifuta aya yote ya nyuma ya banda. Nikasaini iliyobaki. Nilijua ninachosaini, wala sikulazimishwa.

Wiki kadhaa baadaye yule mama alinipigia. Amepata barua ya Kiingereza, binti yake hataki kumsomea mambo ya namna hii, na pale kanisani kila mtu ana mdomo. Je, dada Mtanzania anaweza kuja? Ningeweza kusema nina kazi. Nilikwenda, na mpaka leo sijui nilikuwa naendea nini.

Tulikaa mezani jikoni kwake. Nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja: kwamba malipo yake yamesimama, kwamba ameonekana ananyanyua chombo kizito na kukoroga kwa muda mrefu bila dalili yoyote ya maumivu. Maneno yale yalikuwa yangu, hata koma zilikuwa zangu. Nikaomba maji, akainuka kuniletea yeye, kwa mkono wa kushoto.

Aliuliza nani alimwona. Nikasema hawajaandika jina. Akaanza kuhesabu kichwani nani kati ya majirani, na nikamwona anafikia mtu fulani na kumchukia. Sikumzuia. Kisha uso ukamfunguka, akanigeukia.

"Lakini dada, we ulikuwaka pale," alisema. "Ulinionaka namna nililia kule nyuma. Utawaandikia hiyo? Mimi sina shahidi mwingine. Mtoto wangu hawatamwamini."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Sentensi tano zingetosha, na jina langu chini. Jina lile lile ambalo mtu yeyote wa bima angelikuta kwenye ripoti, na siku hiyo hiyo leseni ingekuwa imekwenda, na nauli ya Tanga nayo imekwenda bure, na mgongo wangu haurudi kugeuza wazee. Yote hayo niliyapiga hesabu nikiwa nimemtazama usoni.

"Nitaandika," nilimwambia. "Niachie mpaka wiki ijayo."

Alinishika mkono akaniombea pale pale, macho amefumba, Mungu anilinde kwenye kazi yangu. Niliitikia amina.

Alinipigia Jumatatu. Jumanne alinipigia mara mbili. Jumatano niliifungia namba yake.

Nilikutana naye mwaka uliofuata St Marys, dukani, kwenye foleni. Amekonda. Alikuwa amevaa fulana ya ghala, ile ya rangi ya kuwaka, na mkono wa kulia ameuingiza mfukoni kama mtu anayebeba kitu kisichotakiwa kudondoka. Nilijiandaa kutukanwa, kwa kweli nilitamani nitukanwe. Yeye alinikumbatia kwa mkono mmoja. Alisema alinitafuta sana, simu haikuwa inapita, akaogopa kwamba nimepatwa na jambo. Akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa.

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa naumwa.

Akanipa pole.