Mchwa wa Nyasi

Harufu ya nyasi kavu zilizokatwa siipendi mpaka leo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Tulikuwa wakimbizi tuliovuka mpaka kuingia Zambia; tulikuwa tumetoka kambi ya mapokezi ya Kenani, tukapewa kiwanja chetu, na Mama alikuwa na mimba kubwa akilala chini ya turubai. Baba alikata mafungu ya nyasi za kuezekea nyumba, akayalaza chini, nami nikapewa kazi ya kuyalinda.

Nilidhani nitafukuza mbuzi. Kumbe wezi walitoka ardhini, mchana kweupe: mchwa weusiweusi, kila mmoja akikata kipande cha jani kisichozidi ukucha na kukiburuta shimoni. Ukinyamaza uliwasikia wakikwaruza kama manyunyu. Niliwafagia, nikawakanyaga, nikawaimbia hata nyimbo za kanisani. Walirudi. Jioni Baba alikuwa akiyatazama mafungu yaliyopungua, kisha akinitazama mimi.

Siku ya nne alileta dawa ya kuua wadudu. Jirani yetu Mzambia, Bana Mwila, yaani mama yake Mwila, alikuwa akipita na beseni la samaki kichwani, akasimama. Alisema kwa Kibemba, polepole, kwamba nyasi tuziweke juu ya kichanja kama cha kukaushia samaki, mchwa tuwaache. Ardhi ya pale ni ngumu, wao ndio wanaoitoboa, na mvua huingia kwa mashimo yao.

Baba hakujua Kibemba. Mimi nilikuwa nimekiokota kwa watoto wenzangu.

“Huyu mama eko nasema nini?” akaniuliza.

Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya ufagio. Nikajibu, “Anasema umwage yote, papa.”

Akaimwaga mashimoni. Bana Mwila alitazama kidogo, akaenda zake.

Nyumba ilipata paa, na mdogo wangu akazaliwa chini yake. Lakini mvua ilipokuja, maji yaliteleza shambani kama juu ya saruji, yakazoa mbegu. Tulipanda tena, mahindi yakatoka ya manjano, yakaishia magotini. Mwaka uliofuata hata nyasi hazikuota. Baba aliacha jembe, akaenda kisiwani Chisenga kuvua samaki kwa mtumbwi wa watu wengine.

Uongo wangu niliutubu mapema, kanisani, nikidhani yameisha. Ni ukubwani tu, nilipolichimba shamba lile mwenyewe na jembe likadunda, ndipo nilipojua nilichokuwa nimekiua.

Majuzi Baba alirudi, akaketi mlangoni akilitazama shamba. “Hii udongo ilikufaka mbele ya sisi kufika, mutoto yangu,” akasema.

“Ndiyo, papa,” nikaitikia. Amezeeka, na ukweli hautamrudishia hata shina moja la mahindi.