Dawa ya Kupe Kwenye Mbao za Trela

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikabaki na wadogo wawili na trela ya baba. Jirani mwenye trekta ndiye aliyeivuta. Tulibeba nyasi kavu na magadi ya kulambwa na ng'ombe, kutoka Kajiado hadi Kitengela, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Kwa hivyo mbao za sakafu yake zilipoanza kuoza, sikutulia. Ubao ukivunjika mzigo ukiwa juu, nani angetuita tena?

Miaka hiyo ya tisini kila mtu alipaka mbao oili chafu ya injini zisioze wala kuliwa na mchwa. Mimi nikajiona mjanja zaidi. Nilikuwa na dawa ya kuogeshea mbuzi iliyobaki, ile ya kuua kupe. Nikawaza, kama inaua kupe, itashindwa na mchwa? Nikaichanganya na oili, nikapaka sakafu yote, nikaenda kutafuta sabuni.

Niliporudi, mbuzi wa Koko alikuwa ameegemeza miguu ya mbele kwenye trela, analamba. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na ndivyo tulivyomwita mama mzee wa boma la jirani. Nilikuwa nimesahau kwamba mbao zile zilinyonya magadi miaka yote, na mbuzi haachi kulamba chumvi. Na huyo ndiye mbuzi aliyempa kitindamimba wetu kikombe cha maziwa kila asubuhi.

Ningeweza kumfukuza nikanyamaza. Nilikimbia kwa Koko, mikono ingali myeusi.

"Koko, mbuzi wako amelamba dawa. Niliipaka kwa trela."

"Dawa gani?"

"Ya kupe."

"Kwani trela yako iko na kupe?"

Wajukuu wake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimfunga mbuzi kivulini, akampangusa mdomo, akasema maziwa yake yamwagwe mpaka atakaposema yeye. "Na wewe, mtoto wangu, toa hizo mbao kabla mbuzi wengine hawajafika."

Nilizing'oa saa hiyo hiyo, nikazifungia stoo, nikawakataza wadogo wangu kuzigeuza kuni. Kisha nikaenda kwa fundi wa fanicha, ambaye alinipa mbao kuukuu nimlipe kwa kumbebea mizigo.

"Kinachoozesha ubao ni maji yanayolala juu yake," akasema. "Acha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao. Uchome juu juu kwa moto mpaka uwe mweusi, upige brashi, kisha upake mafuta ya linsidi, yanayokamuliwa kwa mbegu, yale ninayopaka viti. Hayo hata mbuzi akilamba, shauri yake."

Nilifanya hivyo, lakini macho yangu yalikuwa kwenye boma. Siku ya kwanza mbuzi alikataa majani. Ya pili alisimama kichwa chini, nami sikuweza kula. Siku ya tatu nikamwona anacheua.

Wiki mbili baadaye Koko alikuja na kikombe. "Sasa ni mazuri. Mpe mtoto."

Mdogo wangu akanyoosha mkono. Nikakichukua mimi, nikanywa chote mbele yao, mtoto akaanza kulia.

"Nikiamka mzima, cha kesho ndicho chako," nikamwambia.

Koko akachukua kikombe kitupu, akarudi bomani. Kesho yake alileta vikombe viwili.