Kifo cha Shunta

Wakana Shirota alichora hadithi ya mapenzi katika jarida la wasichana jijini Tokyo. Kijana wa hadithi hiyo, Shunta, Wakana alimchora kwa sura ya kaka yake mwenyewe aliyekufa maji. Kura ambazo wasomaji huzipigia hadithi wanazozipenda ziliposhuka, mhariri Udagawa alimwambia kwa jina la heshima wanaloitwa wachoraji, "Mwalimu, muue Shunta."

"Huyo siwezi."

"Basi pumzika. Mutsumi atamuua."

Mutsumi, msaidizi aliyefundishwa kazi na Wakana mwenyewe, hakupepesa jicho. "Usijali, Mwalimu. Mkono wako naujua."

Jarida lilitoka, hadithi ikiwa bado na jina la Wakana. Mutsumi alikuwa amemzamisha Shunta baharini. Wakana alilisoma akiwa amesimama katika duka la vitabu; kando yake, wasichana wawili wenye sare za shule walikuwa wakilisoma na kulia.

"Shoga, safari hii Mwalimu Shirota kajipita!"

Wakana alilirudisha jarida rafuni, akatoka.