Skola, Aliyetuuliza Jana Yetu

Siamini bado. Naandika haya nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa, maana kile cha kwake kimenishinda kukalia.

Skola wetu, tabibu wa meno wa kituo chetu hapa Majengo, hayupo. Jumamosi asubuhi alianguka nyumbani kwake akipiga deki, na kabla hawajamfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka. Jana Jumatatu tumemzika.

Ijumaa tu tumeagana getini, anakicheka kisweta changu. "Miaka yote hii uko Sumbawanga, bado unavaa kama mtu wa pwani." Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Habari za kisweta jamani.

Wanasema presha. Skola, mashine ya kupimia presha iko mlango wa pili! Wewe uliyejua kila mtu mjini hapa yuko hatarini kiasi gani kwenye kinywa chake, ulishindwa kutembea mpaka mlango wa pili? Nimekukasirikia, sifichi.

Kwa msiomjua: mgonjwa akikaa kitini, sisi wengine tunasema fungua mdomo. Skola alikuwa anasema, "Hebu nisimulie jana yako, toka umeamka mpaka umelala." Mdomo baadaye.

Foleni inarefuka, mimi nimenuna, yeye anamsikiliza mama wa mitumba na chai yake ya chupa. Kikombe asubuhi, nusu kikombe baadaye, fundo kila mteja akiondoka.

"Mama, hiyo chai yako haiishi kutwa nzima," anamwambia. "Kila fundo lina sukari, meno hayapati muda wa kupumzika. Inywe na chakula, uimalize, basi."

Kuziba na kung'oa tunafanya wote. Yeye alitaka kujua nani yuko njiani kuoza meno, na kwa sababu gani. Wale aliowaita "high risk" aliwarudisha baada ya miezi michache. Wengine aliwaambia tuonane mwakani.

Dafroza alikuwa high risk kuliko wote. Bibi yake alimleta kutoka kijijini Kate, meno ya utoto yameoza karibu yote.

Bibi mwenyewe amebakiwa na machache ya mbele. "Ni ukoo wetu huu," alisema. "Sisi tunazaliwa na meno mabovu. Ng'oeni tu, mtoto alale."

Mimi nikaanza mhadhara wangu wa pipi. Bibi akanitazama tu. "Pipi? Nimnunulie kwa lipi, na duka lenyewe liko wapi?" Na kweli, pipi mtoto hali.

Skola akavuta kigoda, akachanganya Kifipa na Kiswahili, akaomba jana yao. Ikatoka taratibu. Bibi anakwenda shamba na mjukuu, mjukuu anabeba chupa ya uji wa ulezi. Sukari ya kutosha, maana bila sukari hanywi. Anafyonza kidogo kidogo mpaka wanarudi nyumbani.

Hakuna aliyeushuku uji. Uji wa ulezi ni chakula, ni afya, Ufipa nzima imekuzwa nao.

Skola hakugomba. "Uji hatuuachi, bibi. Anywe nyumbani, sukari kidogo, amalize. Chupa ya shamba iwe ya maji." Mswaki wenye dawa asubuhi na kabla ya kulala, ateme bila kusukutua ili dawa ibaki kwenye meno. Akampaka floraidi ya kukaza meno, akampangia siku ya follow-up.

Walipotoka akaniambia, "Haya ya utoto mengi yameshakwenda. Ninayoyapigania ni yale magego manne ya ukubwani kule nyuma, ndiyo kwanza yanachungulia. Hayo hayana mbadala. Nataka bibi yake aone kwamba siyo ukoo."

Siku yao ilipofika hawakutokea. Nikasema hao wameshakata tamaa. Skola akapanda basi siku yake ya off, akaenda Kate kuwatafuta, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Tangu hapo hawajakosa.

Leo ilikuwa siku yao.

Nimefungua chumba, koti lake liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Bibi na Dafroza wameshakaa kwenye benchi. Hawana habari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

Nikasema tumwangalie mtoto kwanza.

Dafroza akapanda kitini. Nikamwambia fungua mdomo, akaubana kabisa.

"Hujaniuliza jana," akasema.

Nikamuuliza. Uji nyumbani, akamaliza. Shambani maji. Jioni ugali na maharage. Akapiga mswaki, akatema, akalala.

Nikaangalia. Ilibidi nisimame nijifute macho, niangalie tena. Magego manne, Skola. Yametoka yote na hayana hata doa.

Mtoto akashuka kitini, akaniuliza, "Na yeye jana alifanya nini?"

Bibi akanitazama usoni, akaelewa kabla sijajibu. Akakaa chini, kwenye sakafu ile ya baridi, akaanza kumlilia kwa Kifipa. Mimi sijui Kifipa. Nikakaa chini naye tukalia.

Alikuwa amekuletea unga wa ulezi. Nimeuweka mezani kwako, sijui niupeleke wapi.

Dafroza nimempangia siku ya kurudi. Nitamuuliza jana yake kwanza, mdomo baadaye. Foleni ikiwa ndefu, waninunie mimi.

Haya, dada yangu. Lala salama, Skola. Yale manne yote ni mazima.