Sababu ya Mama Kuchelewa

Baba alipofariki, mdogo wake alikwenda Mahakama ya Mwanzo akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mama hakuridhika. Hakuwa na ugomvi na baba mdogo, ila hakutaka apangiwe mahali pa kulima pamba katika shamba alilong'oa visiki mwenyewe tangu alipoolewa. Akasema atakata rufaa Mahakama ya Wilaya, Bariadi.

Kabla hajaikata, bibi mzaa baba aliteleza kwenye majaruba ya mpunga akavunjika nyonga. Akapewa rufaa ya kwenda kutibiwa Mwanza. Wanawe walikuwa kwenye palizi, kwa hiyo aliyepanda naye gari la wagonjwa ni mama. Alikaa huko mpaka bibi akaweza kusimama na magongo. Alilala ukumbini na ndugu wa wagonjwa wengine, akafua mashuka, akamlisha uji. Aliporudi ndipo akapeleka rufaa yake.

Ilitupwa siku ileile ilipoitwa. Imeletwa nje ya muda, hakimu alisema, bila ukali wowote. Mama akaniuliza kwa Kisukuma kama ndiyo imekwisha. Nikamwambia sijui.

Tulimpata wakili wa msaada wa kisheria, binti mwenye sauti ndogo. Alituambia kesi yenyewe haijaguswa. Inabidi kwanza kuomba kuongezewa muda, na katika kiapo mama aeleze kilichomchelewesha.

"Nani mwingine anajua ulikuwa Mwanza?" akamuuliza.

"Huyo ninayeshindana naye," mama akajibu. "Niliyekuwa namuuguza ni mama yake."

Wakili aliacha kuandika, akamtazama, kisha akaendelea.

Siku ya kusikiliza maombi, baba mdogo alikuja amevaa koti alilolivaa msibani kwa baba. Tulikaa benchi moja, mimi katikati yao. Tulipoitwa, hakimu alimuuliza kama anapinga maombi.

"Napinga, mheshimiwa."

"Unapinga nini? Unasema hakuwa Mwanza?"

Baba mdogo akamtazama mama. Nilidhani atakana. Hakuna aliyemwona mama huko isipokuwa bibi mwenyewe na watu wa hospitali, na karatasi zote zilikuwa na jina la bibi.

"Alikuwa Mwanza," akasema. "Alikuwa na mama yetu."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Shambani."

"Sasa unachopinga ni nini?"

"Napinga hiyo rufaa, mheshimiwa. Kwamba alimuuguza mama, hilo silipingi."

Hakimu aliandika kwa muda. Halafu akasema sababu imetosha, mama aongezewe muda na alete rufaa upya. Mama hakuonyesha chochote. Alikaza kitenge chake, akainuka.

Nje baba mdogo alitusubiri karibu na geti.

"Mwadila, shemeji," akamsalimu mama.

"Mwadila. Mayu ameshaoga leo?" mama akaitikia, akimuulizia bibi.

"Nilimwacha anaota jua."

"Dawa ya kuchua iko dirishani. Usimchue kwa nguvu."

Akaitikia, akaondoka kwenda kutafuta usafiri.

Rufaa ilisikilizwa baada ya mavuno. Mahakama ikafuta uteuzi wa kwanza kwa kuwa mama hakuwa ameshirikishwa, ikaagiza ukoo ukae upya na jambo lirudi Mahakama ya Mwanzo. Bibi alihudhuria kikao cha ukoo kwenye kiti cha plastiki, magongo mapajani. Wazee walipoanza kubishana, aliwakatiza.

"Mimi bado nipo hai. Hao wawili wasimamie pamoja, mniache nikapumzike."

Ndivyo ilivyoandikwa, na Mahakama ya Mwanzo ikakubali. Mama na baba mdogo wakawa wasimamizi wawili. Hawakupatana kwa kila kitu. Walibishana juu ya mpaka wa mahindi, wakabishana juu ya ng'ombe, ila walibishana wakiwa nyumbani, si mahakamani, na kila mmoja alirudi kwake kula.

Msimu uliopita nilimuuliza mama kama alifurahi siku ile hakimu alipomwongezea muda. Alikuwa anachambua pamba, hakuinua macho.

"Nilikuwa na njaa," akasema. "Tulitoka nyumbani bila kula."