Shamba Linalovuka Lwengera

Zamda hakuwa mtu wa kumwamini jirani hivi hivi. Akikosa jembe, alianza kutaja majina ya watu kabla hajatazama nyuma ya mlango. Kwa hiyo shamba lake la Mashewa, kando ya mto Lwengera, lilipoanza kupungua, hakuhangaika kumtafuta mwizi. Alikuwa Semboja, mwenye shamba la ng'ambo. Kila masika ukingo wa Zamda ulimeguka na migomba ikaenda na maji, na kila masika Semboja aliamka na kipande kipya cha udongo mweusi cha kupanda maharage. Mto gani huo unaompenda mtu mmoja tu?

Migomba angeivumilia. Lakini sasa maji yalikuwa yamekaribia kaburi la mumewe, Mhina, ambaye kabla ya kufa alishikilia azikwe pale pale, kwenye udongo mzuri wa ukingoni. Zamda aliogopa masika yajayo yangemchukua.

Asubuhi moja akamwona Semboja ameinama ng'ambo, anachomeka vitu kwenye tope. Akakunja kanga, akavuka penye kina kifupi, na alipofika hakumwamkia, ingawa mzee yule alimzidi umri kwa mbali.

"Leo nimekukamata, mzee! Unapanda nini?"

"Matete," Semboja akasema, wala hakuficha mkono. "Yanashika tope. Tope likikaa, maji yanasogea."

"Yanasogea kwangu!"

"Ndiyo, kwako. Yaende wapi tena?"

Jibu hilo lilimkasirisha kuliko uongo wowote. Alikuja amejiandaa kwa mtu wa kukana, akakuta anayekiri mchana kweupe. Lazima kuna jambo nyuma yake, akawaza. "Nakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mume wangu angekuwa hai usingethubutu!"

Semboja akanyoosha mgongo. "Mama Husna, haya matete mbegu yake ilitoka kwenu. Mhina aliyapanda ukingo mzima, wewe bado hujaolewa hapa. Mto ukanigeukia mimi. Ulikula mihogo ya baba yangu, ukala mpaka msingi wa nyumba. Hapo alipolala Mhina palikuwa shamba letu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Alicheka, akaniambia nikaushtaki mto. Baadaye mkayafyeka wenyewe, na mimi nikapata zamu yangu."

Zamda alitaka kumwita mwongo. Lakini kicheko kile alikifahamu. Na aliyeyafyeka matete ni yeye mwenyewe, mwaka aliofiwa, ili apate matuta ya mchicha karibu na maji. Aibu ikamjaa.

"Sasa mto unamfuata," akasema kwa sauti ndogo.

"Naona. Kabla ya masika tumwite shehe, tumhamishe. Pale juu kwangu maji hayafiki."

Zamda akamkazia macho, akitafuta mtego. "Kwako? Baada ya yote aliyokufanyia?"

"Udongo aliouhangaikia umesharudi huku," Semboja akasema. "Kule abaki na nani?"

Zamda aliendelea kumtazama usoni, akatafuta hila, akaikosa. Basi akakaa chini kwenye tope, akalia mbele ya mtu aliyemwita mwizi miaka yote.